RAM 32 au SSD? Kisa cha kompyuta ndogo ya mezani iliyokuwa inajikongoja

Kompyuta yenyewe ni ile ndogo ya mezani, kiboksi cha kama lita moja hivi ambacho unaweza hata kukifunga nyuma ya skrini, prosesa ni Core i5-8500T, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, hadi diski ya inchi 2.5 ya TB 1 inayozunguka mara 5400 kwa dakika, na Windows 10. Mwenye nayo ni dada mmoja anayefanya uhasibu wa biashara ndogondogo, kutwa yuko kwenye Excel, programu ya hesabu, barua pepe, brauza yenye kurasa ishirini na kitu zimefunguliwa, na mara mojamoja mkutano wa video. Malalamiko yake yalikuwa mawili: asubuhi akiwasha anasubiri mpaka anachoka, na mchana akitoka kwenye Excel kwenda kwenye brauza kila kitu kinaganda. Alikuwa ameshapewa ushauri tayari, ushauri mfupi kabisa, weka RAM 32 itapona. Akaniuliza, "Kaka, hiyo 32 ninunue kweli au nasubiri?"

Nikamwambia dada usinunue chochote kwanza, tupime. Hili nalisema kwa uchungu maana naona watu wengi wanatoa hela kwenye kitu ambacho hakikuwa na shida, halafu mashine inabaki vilevile wanasema basi ni mbovu wanaitupa, wakati ni kipande kimoja tu ndo kilikuwa kinawachelewesha.

Ila kabla hata ya RAM na diski kuna swali moja la kumaliza, hii mashine inastahili kuongezewa kitu au la? Maana Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha), na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8. Hii i5-8500T ndo kizazi cha 8 chenyewe, imo kwenye orodha, ina koo (cores, viini vya kufanyia kazi) 6, na tulipoiangalia wakati mashine imeganda prosesa ilikuwa inatumika robo tu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, inastahili. Ingekuwa ya kizazi cha 6 au 7 ningeongea lugha nyingine kabisa, pengine ya kuhamia Linux, mfumo mbadala wa Windows.

Haya, kupima. Hauhitaji programu ya ajabu, bonyeza Ctrl+Shift+Esc inakuja Task Manager, nenda sehemu ya Performance. Siri iko kwenye muda wa kuangalia, na watu wengi wanakosea hapo, wanafungua mara moja tu mashine ikiwa imetulia wanaona RAM asilimia 60 wanatoa hukumu. Sisi tuliangalia mara tatu: mara tu baada ya kuwasha, mchana kazi ikiwa imepamba moto, na jioni kabla hajazima. Na nilimwambia afanye kazi kama kawaida yake, asifunge kitu ili mashine ionekane nzuri.

Asubuhi ikatoka hivi: RAM inayotumika GB 3.6 kati ya 8, yaani zaidi ya nusu iko wazi, lakini diski iko asilimia 100 na imekaa hapohapo dakika kadhaa, muda wa kujibu ni mamia ya milisekunde. Hapo tayari unajua kitu kikubwa sana. RAM haina kesi asubuhi, iko tupu, ukiweka 32 utakuwa umeongeza utupu tu. Anayesubiriwa ni diski.

Na kwa nini diski inachelewa hivyo wakati ukinakili faili moja kubwa inakwenda kama MB 100 kwa sekunde? Kwa sababu kuwasha Windows sio kusoma faili moja kubwa, ni kusoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. Sahani inayozunguka mara 5400 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11 na kidogo, kwa hiyo kwa wastani kipande unachokitaka unakisubiri nusu mzunguko, kama milisekunde 5.6, ongeza muda wa kichwa cha kusomea kuhama mahali, kwenye hizi diski ndogo ni kama milisekunde 12, unapata karibu 18 kwa kila ombi. Gawanya sekunde moja kwa hapo, unapata maombi 55 au 60 hivi. Kama kila ombi ni KB 4 basi diski ya TB 1 inakupa chini ya KB 250 kwa sekunde! Ni mtu mmoja anaitwa na watu mia kwa mpigo kila mmoja yuko chumba chake. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kichwa cha kuhama wala sahani ya kusubiri, ombi moja inalijibu kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, na inajibu mengi kwa pamoja, maelfu na maelfu kwa sekunde. Tofauti ya asubuhi yote inatoka hapo.

Sasa mchana ndo kisa kikanoga. RAM inayotumika GB 7.3, iliyobaki nusu giga tu, diski tena asilimia 100. Ukiangalia juujuu unasema basi ni vyote viwili, au kila mtu anachagua anachokipenda. Lakini hapa vitu viwili vimeshikana, RAM ikijaa Windows inahamisha kurasa (vipande vya kumbukumbu, sio zile za brauza) za programu usizozitumia kwa sasa inazipeleka kwenye diski, ukirudi kwenye brauza inabidi izitoe huko izirudishe, na diski yenyewe ndo ile ya maombi 60 kwa sekunde. Kwa hiyo ile asilimia 100 ya diski mchana sehemu kubwa imeletwa na RAM kujaa. Tukafungua Resource Monitor tukaangalia safu ya Hard Faults, yaani mara ambazo kurasa inabidi zitolewe kwenye diski, ilikuwa inapanda kwa mamia kila alipobadilisha dirisha. Hiyo namba peke yake usiiogope, hata kufungua programu mara ya kwanza inapanda, ila ikipanda kila ukirudi kwenye programu iliyokuwa wazi tayari, na RAM iliyobaki ni kidogo, hapo ni upungufu wa RAM wa kweli.

Namba niliyoitegemea zaidi kuliko zote ni Committed, iko palepale kwenye Memory, yake ilikuwa 12.1/14.6 kwenye kilele. Ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa, ya pili ni kikomo, yaani RAM pamoja na lile faili la kubadilishana lililoko kwenye diski. Hii haidanganyi sana kama asilimia ya matumizi, kwa sababu Windows ukiipa RAM nyingi inaijaza yenyewe kwa kutunza faili za karibuni, hivyo mtu mwenye 16 anaona imetumika nyingi anadhani imekwisha kumbe sehemu kubwa inaweza kuachiwa saa yoyote. Committed ya 12.1 inamaanisha siku yake nzito kabisa, na kila kitu kimefunguliwa, imedai GB 12 na kidogo, na sio yote hiyo inaguswa kwa wakati mmoja. Basi 16 inamtosha na nafasi inabaki. 32 ingekaa pale nusu yake haijaguswa. Sijasema 32 ni mbaya, mwenye kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) au kuhariri video namwambia achukue bila kufikiri mara mbili, lakini huyu dada hafanyi hayo.

Jioni haikuleta jipya, namba zilikuwa kama za mchana.

Kwa hiyo ukiuliza kipi kwanza kama hela inatosha kimoja tu, ni SSD, na sababu ni hii: ukiweka SSD peke yake asubuhi inapona kabisa na mchana inapata nafuu kubwa, kwa sababu hata kurasa zikihamishwa zinarudi haraka. Ukiongeza RAM peke yake mchana unapona lakini asubuhi inabaki vilevile, na kila programu mpya unayofungua inatoka kwenye diski ileile. Yeye alikuwa na uwezo wa vyote viwili kwa kiasi, kwa hiyo tukaendelea.

Upande wa RAM ulikuwa rahisi. Task Manager palepale inakwambia sloti zilizotumika, kwake 1 kati ya 2, spidi 2666, umbo SODIMM. Yaani ndani kuna kipande kimoja cha GB 8 na sloti moja iko wazi, unaongeza 8 nyingine unafika 16 bila kutupa kitu. Na kuna faida ya pembeni, vipande viwili vinafanya kazi kwa njia mbili badala ya moja, kwa DDR4-2666 njia moja ni kama GB 21 kwa sekunde na mbili ni kama 42, na kwa kuwa kadi ya picha ya ndani haina kumbukumbu yake inakula hiyohiyo RAM, hapo inasaidia, hasa mwenye skrini mbili. Kwenye Excel hutaiona sana, niseme ukweli. Ingekuwa ni vipande viwili vya GB 4 hesabu ingebadilika, maana ungetoa kimoja uweke 8 upate 12, inakubalika na inafanya kazi, njia mbili kwa sehemu inayolingana na inayozidi inakwenda njia moja, lakini kwa Committed ya 12.1 nisingeridhika na 12, ningesema toa vyote weka 8 mbili.

Hapa kwenye kununua angalieni aina jamani. Neno "RAM ya kompyuta ya mezani" linawaponza watu, kwa sababu kompyuta kubwa za mezani zinatumia DIMM ndefu, za DDR4 zina pini 288, wakati hizi ndogo nyingi zinatumia SO-DIMM zilezile za laputopu, DDR4 pini 260. DDR3L ni pini 204 na DDR5 ni 262, haziingiliani hata kwa nguvu, mkato umewekwa sehemu tofauti makusudi. Spidi ndo haina shida, ukipata ya 3200 weka tu, itashuka yenyewe iende 2666. Volti iwe 1.2.

Upande wa diski ndo mpango uligeuka. Wazo letu la kwanza lilikuwa zuri kwenye karatasi: weka NVMe (SSD ya kijiti inayochomekwa kwenye madabodi) ya GB 500 kwa ajili ya Windows na programu, na ile hadi diski ya TB 1 ibaki palepale kwenye nafasi yake ya inchi 2.5 itunze picha na faili za miaka ya nyuma. Alikuwa ametumia kama GB 340, na zaidi ya nusu ni vitu ambavyo hafungui hata mara moja kwa mwezi. Mpango wa watu wengi huo na mara nyingi uko sawa.

Lakini nina kawaida ya kuangalia afya ya diski kabla ya kuiamini na kazi mpya, tukaweka CrystalDiskInfo, ikatoka rangi ya njano. Kwenye mstari wa C5, zile sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kuhukumiwa, iliandika 18. Kumbuka hii programu kwa kawaida inaonyesha namba ghafi kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 18 pale ni 24 ya kawaida, ukitaka kusoma vizuri badilisha kwenye mipangilio yake. Sekta 24 ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa. Diski yenye hali hiyo inaweza kwenda miaka au ikafa kesho, hakuna anayejua, na yule ni mhasibu, ana hesabu za watu wengine mle. Mimi siwezi kumwambia mtu atunze kumbukumbu zake za miaka kwenye diski ambayo imeshaanza kushindwa kusoma. Na inaelezea pia sehemu ya ule ugandaji, maana diski ikigonga sekta mbaya inarudia kusoma tena na tena na Windows inasubiri.

Hapo wazo la GB 500 likafa, tukaenda NVMe ya TB 1 moja ichukue kila kitu, na diski mpya ya nje kwa ajili ya bakapu. Kama ingebidi kubana hela ningepunguza popote pengine lakini sio kwenye bakapu.

Kwa nini NVMe na sio SATA, ile SSD inayounganishwa kama hadi diski? Sio kwa ajili ya spidi, hapa niwe muwazi. SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 (njia ya kasi ya madabodi) inafika kama 3500, lakini kwa mtu anayefungua Excel na brauza tofauti hiyo huioni kwa macho, kuruka kukubwa ni kutoka hadi diski kwenda SSD yoyote. Tulichagua NVMe kwa sababu sloti ya M.2 (ya kuchomekea hiyo SSD ya kijiti) ilikuwa wazi na nafasi ya inchi 2.5 inabaki huru kwa baadaye. Kama mashine yako haina M.2 ya diski chukua SATA ya inchi 2.5 kwa amani kabisa. Na hakikisha sloti unayoiona ni ya diski, kwenye hizi kompyuta ndogo kuna M.2 nyingine fupi ya kadi ya Wi-Fi ambayo haiwezi kukusaidia, na nyingine za diski zinakubali SATA tu au NVMe tu, soma karatasi ya modeli yako. Urefu wa kawaida ni 2280, yaani upana milimita 22 na urefu 80. SSD ya PCIe 4.0 itaingia na kufanya kazi kwa spidi ya 3.0, usiilipie zaidi kwa ajili hiyo.

Ninachokazania ni chipu za ndani ziwe TLC (biti tatu kwa kila seli) sio QLC (biti nne). QLC ikijaza akiba yake ya haraka wakati unanakili vitu vingi inaweza kushuka mpaka spidi ya hadi diski, na ndo ulichokuwa unakikimbia. Dada aliogopa kidogo aliposikia SSD zinachakaa kwa kuandikwa, nikampigia hesabu, nyingi za TB 1 za TLC zinaandikiwa uvumilivu wa TB 600, hata akiandika GB 20 kila siku ni siku 30,000, zaidi ya miaka 80. Akacheka, yakaisha.

Kazi yenyewe. Kwa diski yenye afya ningekloni tu, yaani kunakili diski yote ilivyo, na programu ya Clonezilla, lakini yenye sekta mbovu kukloni kunailazimisha isome kila kona, inaweza kukwama katikati au ikabeba faili za Windows zilizoharibika mpaka kwenye diski mpya. Kwa hiyo tulianza na faili za kazi kuzihamisha kwa mkono kwenda diski ya nje, zile za maana kwanza, kisha picha. Tukatoa bakapu ya programu ya hesabu kwa njia yake yenyewe na kuachia leseni yake, tukaandika pembeni ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski), ndipo tukafungua boksi. Windows 11 ikawekwa upya kwenye NVMe, leseni ikajirudisha yenyewe kwa kuwa imefungamana na madabodi na sio diski. Kuna sehemu moja ya kusumbua, kisakinishi hakikuiona NVMe mwanzoni, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) hali ya diski ilikuwa RAID, tukaiweka AHCI ikaonekana. Hilo lifanye ukiwa unasakinisha upya tu, ukiligeuza kwenye Windows ambayo imeshawekwa inaweza kukataa kuwaka. Na baada ya kuweka RAM mpya skrini inaweza kubaki nyeusi muda kidogo mara ya kwanza, mashine inajipima, usikimbilie kuichomoa.

Hadi diski ya zamani tuliitoa kabisa, ameiweka kabatini mpaka ahakikishe hakuna faili alilosahau.

Namba za baada ya hapo: asubuhi inafika kwenye desktop na kutulia ndani ya chini ya nusu dakika, diski inagusa juu kidogo inashuka. Mchana RAM inayotumika inacheza kwenye 10 na 11 kati ya 16, Committed bado iko 12 na kitu, Hard Faults zinalala karibu na sifuri akihama dirisha. Tumekubaliana siku Committed ikizoea kupita 16 na RAM iliyobaki ikawa chini ya giga moja ndo tutaizungumzia ile 32, na hapo itakuwa vipande viwili vya 16 maana sloti sasa zimejaa. Kimebaki kitu kimoja, ripoti ya mteja wake mmoja bado inafunguka taratibu kama zamani, tumeifuatilia tukakuta data yake iko kwenye seva ya mteja na inapita kwenye intaneti, hiyo RAM wala SSD haiigusi, anaongea nao wenyewe.